PDG wa shimo na PDG wa benki: tumpime kwa kipimo gani?

Kila mchimbaji anajua PDG ni nani. Si mtu wa Kinshasa mwenye tai na gari nyeusi. PDG wetu ni yule aliyeweka franga ya chakula, akanunua bêche, akakodi motopompe ya kutoa maji, akaita vijana wakateremka. Shimo likizaa, yeye anakata sehemu yake mbele ya wengine. Shimo likikaa miezi mitatu bila kitu, deni ni lake. Ndiyo maana tunamuita PDG, na jina hilo si la mchezo.

Lakini ma-PDG hawafanani. Kuna yule anayesimama juu ya shimo, anamsikia kijana wa chini akisema: « Patron, udongo unalia. » Anasimamisha kazi. Anaenda kukata miti, anazuia kuta, anapoteza siku tatu. Watu wanamcheka, wanasema ni mwoga. Kuna mwingine anayejibu: « Chimba tu, gravier iko karibu. » Huyo wiki mbili za kwanza anatoa almasi kuliko wote. Anasifiwa sokoni, anakunywesha watu bière. Halafu mvua moja kubwa inanyesha, shimo linaporomoka na watu ndani.

Tunaanza na shimo juu ya sababu moja. Wiki hii tunataka kuzungumza juu ya wakubwa wa benki kubwa: wanaongozaje, na sisi tuwapime namna gani. Msomaji wa Yanonge atauliza: hayo yananihusu nini mimi, mwenye mtoto katika carrière za Banalia ao Bafwasende, mwenye kuficha makuta yangu chini ya godoro? Yanakuhusu, baba. Yamekwisha kukugusa, hata kama hukuambiwa.

Benki ilianguka New York, mashimo yakafungwa Congo

Wengi wenu mnakumbuka mwisho wa mwaka 2008. Huko Katanga, makampuni yalifunga milango, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Shaba ambayo mwezi wa saba ilikuwa karibu dola 9,000 kwa tani moja, Desemba ilikuwa chini ya 3,000. Huko Mbuji-Mayi, MIBA ilisimamisha uchimbaji mwezi wa Novemba. Almasi ikakosa wanunuzi. Mtu alikuwa na jiwe mkononi, lakini comptoir inamwambia: rudi kesho. Kesho yake: rudi wiki ijayo.

Nani alileta shida hiyo? Si mtu mmoja, si benki moja. Lakini kuna jina ambalo ulimwengu mzima ulilisikia: Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya New York. Benki ya namna hiyo haichukui akiba ya mama wa soko. Inatafutia makampuni na serikali pesa nyingi, inanunua na kuuza hisa na madeni. Lehman ilianzishwa mwaka 1850 na ndugu waliotoka Ujerumani, wenye duka na biashara ya pamba kusini ya Marekani. Iliishi miaka 158. Tarehe 15 Septemba 2008 iliomba ulinzi wa mahakama, ikiwa na madeni ya dola zaidi ya bilioni 600. Ni anguko kubwa kuliko yote ya namna hiyo katika historia ya Marekani.

Mkubwa wake alikuwa Richard Fuld, aliyeiongoza tangu 1994. Kwa muda mrefu alihesabiwa kati ya viongozi hodari. Faida ilipanda mwaka kwa mwaka. Yeye mwenyewe alilipwa mamia ya mamilioni ya dola katika miaka hiyo. Ungemuuliza mtu mwaka 2006: « Kiongozi huyu anafanya kazi vizuri? » angekujibu: tazama faida.

Sasa tazama kuta za shimo. Mwaka 2007 kwa kila dola 1 iliyokuwa yake kweli, benki ilikuwa imebeba mali ya dola 30 hivi, na karibu yote imenunuliwa kwa deni. Nyingi katika mali hizo zilitegemea mikopo ya nyumba ambayo watu hawakuweza tena kulipa. Mkubwa wa idara ya kupima hatari, yaani yule ambaye kazi yake ni kusema « udongo unalia », alitolewa katika kazi ile mwaka 2007 na kupelekwa kwingine. Mwaka 2010, mchunguzi aliyewekwa na mahakama alionyesha kwamba benki ilitumia mbinu za hesabu ili, siku ya kutoa taarifa, madeni ya dola bilioni 50 hivi yasionekane.

Kumbe ile faida iliyosifiwa ilikuwa gravier ya shimo lisilo na miti. Bwana Fuld alitoka na mali yake. Wafanyakazi wake, watu 25,000 hivi, walitoka na makartoni mkononi. Na huko mbali kabisa, kijana wa Mbuji-Mayi ambaye hakuwahi kusikia jina la Lehman akakosa wa kununua jiwe lake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya PDG wa shimo na PDG wa benki kubwa. Shimo likianguka, wanaokufa ni waliokuwa ndani. Benki kubwa ikianguka, inaangukia hata watu ambao hawakuingia.

Wakubwa wapya wanatoka Nairobi

Turudi karibu. Leo benki mbili katika zile kubwa za Congo ni mali ya makundi ya Kenya, na maamuzi makubwa juu yao yanachukuliwa Nairobi. Ni jambo ambalo wengi wanaosimama mbele ya guichet Kisangani hawalifikirii.

Ya kwanza ni EquityBCDC. Ile BCDC ya zamani ilizaliwa mwaka 1909 kwa jina la Banque du Congo Belge. Ilikuwa benki ya makampuni makubwa. Babu zetu wa mashamba na wa mto hawakuwa na kazi nayo. Kundi la Equity liliingia Congo mwaka 2015 kwa kununua sehemu kubwa ya ProCredit. Mwaka 2019 likapatana na familia ya George Forrest kununua asilimia 66.53 ya BCDC kwa dola milioni 105. Covid ilipokuja, Equity ilisema hapana, hali imebadilika, tuzungumze tena bei. Mwaka 2020 walilipa milioni 95. Mwisho wa mwaka huo benki mbili ziliunganishwa, Célestin Mukeba akiwa mkurugenzi wake mkuu.

Nyuma ya kundi hilo kuna mtu mmoja: James Mwangi. Habari yake inajulikana sana Kenya. Alilelewa kijijini na mama mjane, na utotoni aliuza makala na matunda. Watu wa Yanonge wanajua uzito wa gunia la makala, hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1993, Equity ilikuwa shirika dogo la kukopesha watu wa kujenga nyumba, na wakaguzi walikuwa wamesema limekwisha kufilisika. Bwana Mwangi aliingia humo. Dawa yao ilikuwa nini? Kuwafuata watu ambao benki nyingine ziliwafukuza mlangoni: mkulima wa chai, mama wa soko, mtu asiye na hati ya shamba. Konti bila kiasi kikubwa cha kufungulia, mikopo midogo, gari la benki likienda mpaka kijijini. Mwaka 2004 ikawa benki kamili, mwaka 2006 ikaingia katika soko la hisa la Nairobi.

Na matokeo? Mwaka 2022 kundi zima lilipata faida ya shilingi za Kenya bilioni 46.1. Mwaka 2023 ikashuka mpaka 43.7, kwa sababu mikopo mingi haikulipwa huko Kenya. Matawi ya nje, Congo ikiwa mbele, ndiyo yalisaidia kushika nyumba. Mwaka 2024 ikapanda tena mpaka 48.8. Hapo ndipo Mkongomani anapaswa kusimama kidogo. Pesa yetu si sadaka ndogo katika kundi hilo. Ni moja ya nguzo zake. Mwenye kushika nguzo ana haki ya kuuliza nyumba inajengwaje.

Ya pili ni TMB, iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004. Mwezi wa Desemba 2022 kundi la KCB lilinunua asilimia 85 yake. Mkubwa wa KCB, Paul Russo, alikuwa amepewa kiti mwaka huohuo. Mwaka wake mzima wa kwanza, 2023, ulikuwa mbaya: faida ilishuka, mikopo mibaya ikapanda. Akafanya jambo ambalo wakubwa wengi wanaliogopa: kundi halikuwalipa wenye hisa gawio la mwaka huo. Ilikuwa miaka mingi jambo hilo halijaonekana KCB. Wenye hisa walinung'unika. Lakini mchimbaji anaelewa haraka: ni PDG aliyesema, « Wiki hii hatugawi, tunanunua miti. » Mwaka uliofuata kundi lilipata faida ya bilioni 61.8, kubwa kuliko yote ya mbele.

Hatusemi kwamba Bwana Russo ni malaika, ao kwamba Bwana Mwangi hana makosa. Tunasema hivi: ukitazama faida ya 2023 peke yake, Russo alishindwa kazi. Ukitazama alichofanya wakati ule wa faida kushuka, unaona kitu kingine. Faida ya mwaka mmoja haikuambii kama kuta zina miti.

Nani anaweza kumwambia mkubwa hapana?

Kuna mfano mwingine wa Nairobi ambao unatisha. Imperial Bank ilikuwa benki ya kati, yenye kusifiwa, na mkurugenzi wake aliiongoza miaka mingi. Alifariki mwezi wa Septemba 2015. Wiki chache tu baadaye, tarehe 13 Oktoba, Benki Kuu ya Kenya iliifunga. Walikuwa wamegundua shimo ndani ya hesabu, pesa nyingi sana zilizotolewa kwa njia ya siri kwa miaka. Mtu aliyekuwa na funguo zote alipokufa, ndipo wengine waliweza kufungua kabati. Watu wenye akiba walilala mbele ya milango.

Nasi hapa tulikuwa na BIAC. Ilikuwa moja ya benki zilizolipa mishahara ya watumishi wa serikali. Mwanzo wa mwaka 2016 bei ya shaba ilikuwa chini, dola zilipungua nchini, na Benki Kuu ya Congo ikakata mkopo ambao BIAC ilikuwa inategemea ili kupumua. Mara moja ikaonekana kwamba benki ilikuwa inaishi kwa pumzi ya mtu mwingine. Watu wakapanga mstari tangu asubuhi. Ukija kuchukua zako, unapewa kidogo, rudi siku nyingine. Mkurugenzi wake aliacha kazi, Benki Kuu ikaiweka chini ya uongozi wake. Wale waliokuwa wanasema « benki ni kitu ya bazungu, makuta iko kwa godoro » walipata sababu ya kusema zaidi.

Hatuwezi kuwalaumu. Mwenye miaka hamsini leo amekwisha kuona Bindo Promotion ya 1991 ikimeza akiba za watu wa Kinshasa, ameona zaïre ikigeuka karatasi, ameona vita vya siku sita Kisangani mwaka 2000, ameona BIAC. Na mwaka 2025, Januari, Goma ilipochukuliwa na M23, benki zilifunga milango na watu wenye pesa zao wakakosa noti za kununua unga. Pale kosa halikuwa la mkubwa wa benki, ni vita. Lakini mteja alilala njaa namna ileile.

Kwa hiyo swali kubwa juu ya kiongozi wa benki si kama ana akili. Wote wana akili. Fuld alikuwa nayo nyingi. Swali ni kama kuna mtu karibu naye anayeweza kumwambia hapana, akabaki na kazi yake. Bwana Mwangi ameshika usukani wa Equity miaka zaidi ya 20. Si kosa kukaa muda mrefu. Hata PDG mzuri wa shimo hatumfukuzi. Lakini kadiri mkubwa anavyokaa, ndivyo wa chini wanavyozoea kumletea habari tamu tu. Kuna jambo moja linalosaidia: kundi lililo katika soko la hisa linalazimishwa kutangaza hesabu zake, nzuri ao mbaya, na magazeti yanazisoma. Tena mwaka 2025 Equity ilifukuza huko Kenya wafanyakazi zaidi ya elfu moja kwa mambo ya udanganyifu na maadili. Unaweza kulisoma jambo hilo kwa njia mbili. Wengine wanasema: ona, kiongozi hafichi kidonda. Wengine wanauliza: watu elfu moja wanaharibika kwa siku moja, ao wakubwa hawakutazama miaka yote hiyo? Maneno yote mawili yana ukweli, na kiongozi anapaswa kujibu la pili kama anavyojisifu kwa la kwanza.

Kipimo cha mchimbaji

Kuna kipimo kingine ambacho wakubwa wa Nairobi na Kinshasa hawakiweki katika taarifa zao. Equity ilikua kwa sababu ilimwamini mkulima wa chai asiye na hati. Je, itamwamini mchimbaji?

Sisi tunajua namna kazi inavyokwenda. Kijana hana pesa ya kuanza. Benki inamuomba dhamana: nyumba yenye karatasi, mshahara. Hana. Anaenda kwa négociant, anapewa chakula na vifaa, na kuanzia siku hiyo jiwe lake halina bei isipokuwa ile ya négociant. Hata akipata almasi nzuri, anabaki na deni. Si kwamba négociant ni shetani. Yeye ndiye peke yake aliyekubali kuweka franga katika shimo ambalo hakuna anayejua lina nini. Lakini kama benki inakusanya akiba za Kisangani na kuzipeleka kwa makampuni makubwa peke yake, basi imekuwa ileile ya mwaka 1909, na jina jipya juu ya mlango.

Kukopesha mchimbaji mmoja-mmoja ni hatari, tukubali. Benki itakayotupa pesa katika kila shimo itakufa kama Lehman. Lakini sheria ya madini inataka wachimbaji wawe katika coopérative zilizokubaliwa. Coopérative yenye vitabu safi, yenye konti ambayo haitoi pesa bila saini za watu watatu, yenye historia ya miaka miwili ya kuweka na kutoa, hiyo ni kitu ambacho benki inaweza kupima. Mkulima wa chai wa Kenya naye alikuwa na chama kilichopeleka majani yake kiwandani. Ndiyo karatasi aliyoonyesha. Kiongozi wa benki atakayeelewa hilo Tshopo atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kuongeza ghorofa moja Gombe.

Basi, mama mwenye mtoto katika carrière, na wewe kijana unayeshuka Kisangani na makuta ndani ya soksi, mbele ya kuweka pesa uliza maneno manne. Benki hii ni ya nani, na nani anaamua juu yake? Hesabu zake za mwaka jana zilitangazwa, na mikopo isiyolipwa inaongezeka ao inapungua? Nikitaka zangu zote wiki ijayo, nitapewa zote, kwa dola ao kwa franc, na watakata ngapi? Na ikianguka, nani atanirudishia? Mwenye guichet akikujibu vizuri, vizuri. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Tena usiweke zote pahali pamoja. Kidogo benki, kidogo ndani ya simu kwa siku ya haraka, kidogo katika vitu vinavyozaa: mbuzi, shamba, pirogue. Hiyo ni hekima ya wazee wetu wa mto, hawakuisoma New York.

Na wakubwa wa benki, kama mkono wa mtu utawafikishia gazeti hili, tunawaomba kitu kimoja. Siku mtakapotangaza faida, mtuambie pia mmenunua miti mingapi. Sisi huku tukisikia PDG anahesabu almasi tu, na haongei kamwe juu ya kuta, tunapandisha watu wetu juu.